Kambi ya likizo ya Juni Kigoma: tamthilia iliyoandikwa, igizo la kubuni wenyewe, au ngoma na hadithi?

BintiUjiji

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Tunaandaa kambi ya sanaa za maonyesho likizo ya Juni kwa watoto wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi. Ni wiki 2, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana, watoto wanalala makwao. Umri ni miaka 8 hadi 17, nafasi 40, wakufunzi tuko 4. Ukumbi hatuna, tuna uwanja wa shule na miembe yake. Siku ya mwisho wazazi wataalikwa waje jioni kuona kazi.

Tumekwama kwenye jambo moja: watoto tuwafundishe kupitia nini? Mezani kuna njia 3. Ya kwanza ni tamthilia iliyoandikwa, watoto washike mistari na kuicheza. Ya pili ni igizo wanalolibuni wenyewe. Ya tatu ni ngoma, utambaji wa hadithi na ngonjera. Mimi naegemea ya pili, ila naogopa siku ya wazazi tusije tukaonyesha kitu kisicho na kichwa wala miguu. Mliowahi kufundisha watoto, naombeni maoni.

MwalimuWaIsevya (Tabora)

Marahaba binti. Mimi ni wa tamthilia iliyoandikwa. Kijana wa miaka 14 akipewa maneno yaliyopangwa na mtu anayeijua lugha, anajifunza kuvuta pumzi mahali pake, kupandisha na kushusha sauti, na kusema sentensi ndefu bila kuikata katikati. Akiachiwa abuni tu, anarudia alichokiona kwenye vichekesho vya simu: baba mlevi, mama mkali, mganga tapeli. Ukifika kambi ya tatu utakuta bado ni baba mlevi yule yule.

Hapa Tabora jambo hili lina historia. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys, akarudi kufundisha St. Mary's, na baadaye, akiwa na nchi nzima mabegani, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare. Tafsiri ya kwanza, ya tamthilia ya Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963. Hotuba za humo zimekaa kwenye Kiswahili sawasawa, na kijana wa leo anaweza kuzibeba akipewa mtu wa kumwongoza.

Tatizo la njia hii nalijua. Tamthilia nyingi zina wahusika wachache wenye maneno ya kutosha, nanyi mna watoto 40. Msije mkawageuza 30 kuwa "wanakijiji" wa kusimama nyuma na kuguna. Chukueni onyesho moja tu, la dakika 10 hivi, vikundi vyote vicheze hilo hilo, kila kundi kwa namna yake. Wakitazamana watajifunza kuliko wakiwasikiliza ninyi.

KibiriziKwetu

Mwalimu, kwa heshima zote, hapo pa vichekesho vya simu naomba nipinge. Mtoto anarudia hayo kwa sababu ameambiwa "haya, igizeni" halafu mkufunzi akaenda kukaa kivulini. Kubuni nako kuna hatua zake, na hatua ya kwanza haina maneno kabisa.

Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei, tulikuwa tunafanya mazoezi na watoto wa huku. Tuliwaambia: watu watano watano, hakuna kusema, hakuna kusogea, tuonyesheni nyumba moja jioni ziwa likiwa limefungwa. Wanakaa kama sanamu. Kundi moja, baba kakaa kaelekea mlangoni, mkononi kashika taa ya kuvulia. Mtoto mkubwa kampa mgongo. Mama kainama anapepeta, na ukitazama vizuri ungo ni mtupu. Hatua ya pili, mkufunzi anapita, anamgusa kila mmoja begani, aliyeguswa anasema sentensi moja. Yule binti wa ungo alikuwa na miaka 12. Akasema: "Napepeta ili jirani asikie."

Maneno hayo hakufundishwa na mtu, na hakuna simu alikoyatoa.

Baada ya hapo mnauliza maswali mawili tu: kabla ya picha hii ilikuwaje, na baada yake itakuwaje? Picha moja inakuwa tatu. Picha tatu ndizo maonyesho matatu. Ndipo maneno yanaingia, machache, na mkufunzi mmoja awe na daftari anaandika kila kinachotoka vizuri. Ikifika katikati ya wiki ya pili fungeni: hakuna mhusika mpya, hakuna kisa kipya, sasa ni mazoezi ya kile kilichoandikwa. Dada, mkifanya hivyo kichwa na miguu vitakuwepo. Maigizo ya kubuni yanaharibika pale watoto wanapoendelea kubuni mpaka asubuhi ya onyesho.

FundiNgoma_Kasulu

Naona ngoma na hadithi mmeziweka nambari tatu kama kitu cha kujazia muda. Kwa wadogo, miaka 8 hadi 10, mimi ningeanza nazo na pengine nisitoke hapo. Mtoto anayejua kuitika "Hadithi njoo!" kwa wakati wake, pamoja na wenzake, ameshashika kitu ambacho waigizaji wakubwa wanahangaika nacho: kumsikiliza mwenzako mpaka mwisho ndipo ujibu. Mzunguko wa ngoma nao unamfundisha kukaa kwenye nafasi yake bila kuchorewa mstari chini.

Mambo mawili. Kwanza, mwiteni mzee au bibi anayeijua ngoma yenyewe, aeleze inapigwa lini na kwa ajili gani, na mumlipe nauli na posho yake kama mnavyomlipa mkufunzi mwingine. Kuna ngoma za harusi na kuna za mambo mengine, na mwenye nayo ndiye anayejua ipi mtoto aicheze mbele za watu. Pili, watoto wanaoongea Kiha nyumbani wasimulie kwanza kwa Kiha. Mikono inafunguka, macho yanafunguka. Wakishazoea, hadithi ile ile waiseme kwa Kiswahili, mwili utaendelea kukumbuka.

Na ngonjera msiitupe. Mshairi Mathias Mnyampala aliisukuma sana miaka ya 1960, lakini siku hizi shuleni imebaki ya kumkaribisha mgeni rasmi, watoto wamesimama mstari mmoja wananyoosha vidole kwa pamoja. Ngonjera ni mabishano. Mmoja anashambulia, mwenzake anapangua, mpaka wafike mahali wakubaliane. Waondoeni kwenye mstari, wasogeleane, wakwepane, mmoja ageuke aondoke halafu arudi na beti yake. Kwa wa miaka 11 hadi 13 inafaa sana, kwa sababu wana maneno yaliyopangwa kama anavyotaka Mwalimu wa Isevya, na hakuna anayekosa la kusema.

DadaWaTuseme

Mimi nitawasemea wakubwa, miaka 14 hadi 17, hasa wasichana. Nililelewa na Tuseme shuleni. Kwa wasioijua, ilianzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwa mbele, ili wasichana wa sekondari wayaseme matatizo yanayowakwamisha shuleni kwa kuyaigiza. Mnatafuta tatizo pamoja, mnalichambua, mnaliigiza, halafu wanaotazama wanajadili nini kifanyike.

Kuna namna nyingine inayokaribiana na hiyo, iliyoenezwa na Augusto Boal wa Brazil: igizo linachezwa mpaka mahali pabaya, linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!" kisha akaingia kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Vijana wanaipenda kuliko mnavyofikiri. Mwenye aibu ya kukariri huwa wa kwanza kuruka ndani anapoona mwenzake anaonewa kwenye igizo.

Ila hapa naomba mnisikie vizuri. Usimwambie mtoto aigize kisa chake mwenyewe. Mpe mhusika jina jingine, mtaa mwingine, umri mwingine. Akitaka kuweka ya kwake humo ataweka, na hakuna atakayejua. Na kama likitokea jambo zito kweli, lisiishie kwenye igizo: mkufunzi amwite pembeni, wawe watu wazima wawili, na afisa ustawi wa jamii apewe taarifa. Namba yake iwepo kabla kambi haijaanza.

BintiUjiji

Asanteni sana, nimewasomea wenzangu yote. Maswali yamebaki mawili. Wavulana wa miaka 15 na 16 wanakuja lakini hawataki kuonekana mbele ya wasichana, wanasimama mikono mfukoni. Na sauti: uwanja ni wazi, kiangazi kuna upepo, maiki hatuna.

MwalimuWaIsevya (Tabora)

Kuhusu wavulana, usiwalazimishe kuanza na jukwaa. Wape kazi inayoonekana: kokoto kwenye kopo kwa ajili ya mvua, debe kwa ajili ya radi, kamba za pazia, kuhesabu mapigo ya ngoma. Anayepiga debe la radi ni lazima amwangalie mwigizaji ili asikosee, na akishamwangalia kwa siku kadhaa utamsikia anamsahihisha. Hapo mwambie, "Basi hebu tuonyeshe wewe." Mazoezi ya kioo nayo, wawili wanatazamana na mmoja anafuata kila anachofanya mwenzake, yaanze mvulana kwa mvulana, msichana kwa msichana. Kuchanganya kutakuja kwenyewe.

Na nimemsoma KibiriziKwetu mara mbili. Ile sentensi ya ungo ningeiandika ubaoni na kuifundisha. Bado nasema wakubwa wapewe walau ukurasa mmoja wa maandishi mazito, lakini wadogo nawaachia ninyi.

DadaWaTuseme

Sauti: wakataze kupiga kelele. Wakipiga kelele, siku ya tatu wote wana koo kavu. Mkono tumboni, pumzi ishuke mpaka mkono usogee, halafu jina lake mwenyewe alitume kwa mwenzake aliye hatua 5. Kisha hatua 10, kisha 20, bila kubana shingo. Fanyeni asubuhi kabla upepo haujaanza, na pia upepo ukiwepo ili wauzoee. Halafu watazamaji wakae kwa nusu duara, karibu, kwenye mikeka. Mkiwaweka wazazi mbali kwenye viti, hata mtu mzima hasikiki.

ReliYaKati

Mimi nina ya vitendo tu. Jioni huku jua linazamia ziwani, magharibi. Wazazi wakielekea magharibi hawaoni kitu, na watoto wakielekea huko wanakunja nyuso. Jukwaa liwe upande wa kusini au kaskazini wa uwanja, jua liwapige wote ubavuni.

Kibali ombeni mapema kwa afisa elimu na afisa utamaduni wa manispaa, na barua zipite serikali ya mtaa. Wazazi wasaini fomu, na picha za watoto mitandaoni ziombewe ruhusa tofauti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ipo, isomeni wakufunzi wote.

KibiriziKwetu

Dada, kwa hesabu yenu ya 4 kwa 40, msigawe kwa mtaa, gaweni kwa umri. Wa miaka 8 hadi 10 wapeni wakufunzi wawili, maana hao wanachoka haraka na wanahitaji maji kila mara. Hadithi na ngoma. Wa 11 hadi 13 mkufunzi mmoja, ngonjera na sanamu. Wa 14 na kuendelea mkufunzi mmoja, igizo lile la "Simama!" pamoja na ukurasa wa Mwalimu. Kundi likizidi 15, punguzeni nafasi kabla ya kupunguza muda.

Siku ya wazazi kila kundi lionyeshe kazi yake fupi, na katikati mkufunzi awaonyeshe wazazi zoezi moja, lile la sauti kwa mfano, wao wenyewe wasimame walifanye. Watajua watoto walikuwa wanakuja kufanya nini.

BintiUjiji

Tunafuata mgawanyo huo. Wakubwa tutawapa maandishi wiki ya kwanza, kubuni wiki ya pili. FundiNgoma, kama unamfahamu bibi anayeweza kushuka kutoka Kasulu kwa siku 3, nitumie ujumbe, nauli na mahali pa kulala vipo.

FundiNgoma_Kasulu

Yupo. Ila yeye hapigi ngoma za kuazima, atakuja na zake, kwa hiyo kwenye nauli hesabuni na mizigo.

KibiriziKwetu

Pazia msinunue. Kuna maturubai mawili ya kuanikia dagaa nitayafua, yatakauka vizuri kabla ya Jumatatu ya kwanza.