Injini ya ndani inazima kila nikitoka nje ya mwamba. Niitegemee msimu huu wa upepo wa kusi?

Mwana Kigombe:

Salaam alaykum wakubwa. Nina mashua ya futi 36 niliyoachiwa na ami yangu. Ndani ina injini ya dizeli ya Kijapani, silinda mbili, hospawa 22, umri wake nadhani haupishani sana na wangu. Tanga lipo zima, na foromali, ule mti unaolishika, nzima. Kazi yetu ni saruji na mabati kutoka Tanga kwenda Mkoani na Wete kule Pemba, kurudi tunabeba mbata (nazi kavu), ndizi, na mbuzi wakipatikana.

Tatizo ni hili. Bandarini mpaka tupite Ras Kazone injini inaunguruma vizuri kabisa. Tukishatoka nje, mawimbi ya kusi yakianza kutupiga ubavuni, haipiti muda sauti inabadilika, inapanda inashuka, mwisho inazima. Tukiiacha ipumzike inawaka, inakwenda kidogo, inazima tena. Safari iliyopita imezima jioni, tumeshatua tanga, tunaingia Mkoani upande wa kisiwa cha Makoongwe, na maji yanapwa. Mwamba tunauona demani, upande upepo unakoelekea, unatoa povu. Bahati baharia alikuwa omo, mbele ya chombo, akatupa nanga, ikashika.

Fundi mmoja amebadilisha nozeli zote, pesa amechukua, hali ni ile ile. Sasa anasema ni pampu ya mafuta. Kabla sijatoa hela nyingine: ni pampu kweli? Na injini ya namna hii, kwa bahari ya mwezi wa saba, mtu aitegemee kiasi gani?

Pweza Mkavu:

Uza hiyo kaka. Funga mashine ya nje ya petroli hospawa 40. Ikigoma unaitia begani unaipeleka kwa fundi, basi.

Fundi Sahare:

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Hela ya pampu ikae mfukoni kwanza. Pampu iliyochoka haingoji mawimbi, inakusumbua hata gatini: asubuhi kuwaka kazi, nguvu hakuna. Yako bandarini ni nzima, nje inakufa, ukiipumzisha inafufuka. Hiyo ina njaa ya mafuta, na njaa yenyewe inaanzia kwenye tangi.

Miaka yote hiyo chombo kimenyweshwa dizeli ya madumu, na dumu halikosi maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanatulia kitakoni, na pale yanapokutana na mafuta panaota utando mweusi wa utelezi, kama makamasi. Bahari ikiwa shwari uchafu umelala. Kusi ikikutikisa, wote unapanda, unavutwa kwenye bomba, unaziba. Injini ikizima mvuto unakoma, uchafu unadondoka, ndiyo maana ukisubiri inawaka.

Chomoa bomba linalonyonya mafuta ndani ya tangi uangalie ncha yake. Matangi mengi ya zamani yana kichujio cha waya huko chini, mahali ambapo mkono haufiki na mafundi wengi hawana habari nacho. Ukikikuta kitoe, usikirudishe. Kazi ya kuchuja iachie filta unayoweza kuifikia, na iwe ile yenye kikombe cha kioo chini, uyaone maji kwa macho. Kisha mwaga mafuta yote, fungua kifuniko, sugua tangi mpaka kitako.

Halafu hewa. Huko kupanda na kushuka kwa sauti ni dalili ya hewa vilevile. Tangi likiwa chini ya nusu na chombo kimelalia demani, bomba linabaki juu ya mafuta linanyonya upepo. Kusi usitoke na tangi chini ya nusu. Kagua pia zile washa (pete) za shaba kwenye bolti za mafuta, maana fundi wako akifungua na kufunga nozeli anazirudisha zile zile. Huna mpya? Zichome mpaka ziwe nyekundu, zitose kwenye maji, zinalainika tena.

Na kutoa upepo kwenye njia ya mafuta ujue mwenyewe. Tia nanga mahali patulivu ujizoeze. Legeza bolti ya juu ya filta, piga kile kipini cha pampu ndogo kwa kidole mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke safi, kaza. Nenda pampu kubwa, hivyo hivyo. Mwisho legeza nati za nozeli, mwenzio azungushe mpaka mafuta yateme, kaza. Rudia mpaka uweze gizani, na spana uwe umeifunga kamba shingoni. Ikikuponyoka ikaingia ngamani, kitakoni mwa chombo, chini ya saruji, huipati.

Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ningeweka dumu la juu. Lita 20 za dizeli iliyochujwa, limefungwa imara juu zaidi ya injini, lina mpira na koki yake. Ukikaribia mlango wa mwamba geuza koki: mafuta yanashuka yenyewe, tangi kuu halihusiki tena. Ule mpira wa marejeo, unaorudisha mafuta ya ziada, nao urudi humo humo dumuni, usije ukalikausha bila kujua. Kwa hospawa 22 unapata kama saa nne hata ukiikimbiza.

Pweza Mkavu, hospawa 40 uzito wake ni wa mtu mzima, sijui unasema bega la nani. Halafu itundike kwenye tezi (nyuma) ya chombo cha futi 36 uone: wimbi likiinua tezi panga (rafadha) linapiga hewani, mashine inalia, na chombo kimebeba saruji hakiendi.

Nahodha Foromali:

Ya injini fundi ameyamaliza. Mimi nauliza, tanga mlilitua kwa nini mapema hivyo? Vijana mkiona bandari mnashusha tanga mkae raha, mashine ibebe kila kitu. Mashine iwashe ukiwa bado nje una nafasi, itie gia, ifanye kazi nusu saa nzima. Ikiyumba, mwamba uko mbali, unageuza unarudi bahari kuu. Isipoyumba, ingia, lakini tanga dogo liwe juu na henza, kamba ya kulipandisha, ishikwe na mtu. Linakupunguzia mrama na mashine inapata wepesi. Nanga iwe omo, amari, kamba yake, imekunjwa, kama alivyofanya huyo baharia wako. Mwongeze posho.

Njia nayo. Kukata kutoka Tanga moja kwa moja kwenda Mkoani kwa kusi ni kutafuta ugomvi. Mkoani iko kusini yako, na upepo na mkondo vyote viwili vinakusukuma kaskazini. Sisi tulikuwa tukishuka na umande, upepo wa nchi kavu, alfajiri, ndani ya visiwa vya Yambe na Karange, tunapita kwenu Kigombe, mpaka Pangani. Mzigo wa Wete ondokea hapo. Wa Mkoani teremka mpaka Kipumbwi ndipo ukate. Mkondo unaokupinga ukitoka Tanga, ukitoka kule unakubeba. Ila Pangani usiingie maji yakipwa na kusi inavuma: mto unatoka, mawimbi yanaingia, yanavunjika juu ya fungu la mchanga pale mdomoni, na hapo hata injini mpya haikusaidii. Ngoja maji yajae.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mawimbi ya mita mbili, lala. Saruji haiozi.

Bi Mkubwa wa Wete:

Haiozi lakini inaganda, nahodha. Wakati mwingine mtandikie maturubai chini pia, siyo juu tu.

Mwana Kigombe:

Wakubwa shukrani. Nimechomoa bomba. Kichujio cha waya kipo, kimeziba hata mwanga haupiti. Kitakoni mwa tangi nimetoa tope jeusi na maji karibu nusu ndoo. Fundi wa pampu kanuna. Dumu la juu nalifunga kesho, halafu nikatoe upepo kama nilivyofundishwa. Stata ninayo, hendeli pia ipo. Ekzosi yangu ni ya maji, inapozwa na maji ya bahari. Kuna la kuangalia kabla sijaanza kuzungusha?

Fundi Sahare:

Lipo, na umefanya vizuri kuuliza. Ekzosi ya maji na stata ya muda mrefu havipatani. Injini isipowaka, pampu ya maji bado inasukuma maji ya bahari kwenye ekzosi, na hakuna moshi wa kuyatoa. Yakijaa yanarudi nyuma mpaka kwenye silinda. Kwa hiyo ukiwa unatoa upepo funga koki ya maji ya bahari, ifungue mara tu injini ikishika, usichelewe maana impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, ikienda kavu inaungua. Siku ukikuta injini imekwama ghafla, stata usiiguse: fungua nozeli, zungusha kwa hendeli maji yatoke, kagua oili. Ikiwa imegeuka nyeupe, ibadilishe na uiwashe siku hiyo hiyo kabla kutu haijaingia.

Ukiwa tayari pita Sahare nisikie mlio wake. Uje na zile washa za zamani.