Orr na Gretzky: beki apimweje mbele ya mshambuliaji?

Swali: Ndugu zangu, katika hoki ya barafuni mshambuliaji Wayne Gretzky alimaliza NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, akiwa na pointi 2,857 (mabao pamoja na pasi za mabao), ilhali Bobby Orr, aliyekuwa beki, alipata 915. Je, ni haki kuwapima kwa mizani moja?

Jibu: Si haki hata kidogo, kwa sababu Orr alicheza mechi 657 tu kabla goti halijamkatisha, na bado ndiye beki pekee aliyewahi kuongoza ligi kwa pointi, tena mara mbili, mwaka 1970 na 1975.

Jibu: Mimi humtazama beki pale kisahani, kinachochezwa badala ya mpira, kinapokuwa nyuma ya lango lake, naye amebanwa na washambuliaji wawili. Beki Nicklas Lidström wa Uswidi alikuwa akikitoa hapo kwa pasi moja tulivu, ambayo mara nyingi haihesabiwi popote.

Muulizaji: Nashukuru. Hata hivyo, pasi za mabao za Gretzky peke yake, 1,963, zinazidi pointi zote za mchezaji mwingine yeyote, kwa hiyo Orr namweka nyuma yake, hatua moja tu.