Seli ya tatu ni nzima kwenye hewa, inalegea kwenye oksijeni: bosi azamie nayo?

Mjuani

Assalam aleikum wazamiaji wenzangu. Niko Kilindoni, Mafia. Naongoza wageni baharini na kutunza vifaa, na tangu mwaka jana nimekabidhiwa mtambo wa pumzi ya mzunguko, ule usiotoa mapovu, wenyewe tunauita ribriza. Bosi anaupenda kwa sababu kule Kinasi samaki hawamkimbii. Cheti cha kuutumia ninacho. Upande wa umeme wake ndio nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kufungua.

Sasa shida yangu. Seli zake za oksijeni, zile zinazopima oksijeni iliyomo kwenye pumzi, ni tatu. Kwenye hewa ya kawaida zinatoa milivolti 10.0, 10.3 na 10.6. Nikijaza oksijeni safi napata 47.2, 48.6 na 42.9. Nimerudia mara nne, mara mbili kwa mita yangu ya mkononi ili nisiilaumu skrini bure. Nikisawazisha, yaani nikiiambia kompyuta ya mtambo kwamba hii ndiyo oksijeni safi, inakubali bila kelele, zote tatu zinaonyesha shinikizo la oksijeni la bari 0.98. Ila nikiuacha mtambo wazi upigwe na hewa, mbili zinarudi 0.21, ya tatu inabaki 0.24.

La pili: betri ya kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi, inaisha usiku mmoja. Naiweka mpya jioni, asubuhi imekufa.

Bosi anarudi Ijumaa, amepanga kushuka meta 40. Nimwambie nini?

Kepteni_Wimbi

Kaka usijitie presha. Ndiyo maana seli zikawekwa tatu. Kompyuta inapiga kura, mbili zikikubaliana ya tatu inatupwa nje ya hesabu. Mimi nilizamia msimu mzima na seli moja kigeugeu na sikupatwa na kitu. Betri nunua nzuri, za dukani kwetu nyingi ni feki.

Fundi Shangani

Mjuani mwanangu, bosi asizamie nayo. Naanza na hilo ili hata ukiishia hapa uwe umelipata.

Chukua 10.6 ugawe kwa 0.21, utapata 50 na ushei. Hiyo ndiyo milivolti ambayo seli yako ingetoa kwenye oksijeni safi kama ingekuwa nzima. Inatoa 42.9, yaani imepungukiwa karibu asilimia 15. Wenzake wawili wako sawa na hesabu. Na kule kusoma juu kuliko wenzake kwenye hewa kusikudanganye. Kila seli hutoka kiwandani na kiasi chake, popote kati ya 8 na 13 ni sawa.

Ndani ya seli mna madini ya risasi na maji ya potasi. Oksijeni ikipenya utando wa mbele, risasi inaliwa kidogo kidogo na umeme unatoka. Risasi ikikaribia kwisha, kwenye hewa bado inamudu, maana oksijeni yenyewe ni 0.21 tu. Ukiipa kazi kubwa inakwama. Nilitengeneza redio miaka mingi kabla ya kuingia baharini, na betri iliyochoka ina tabia hiyohiyo: ipime kwa mita bila mzigo utaambiwa nzima, washa redio uone.

Kusawazisha nako kumeificha. Kompyuta haiijui seli, inaamini unachoiambia. Umeiambia 42.9 ni oksijeni safi, imeandika hivyo. Ile 0.24 kwenye hewa ndiyo imeitoa siri. Hongera kwa kuiona, wengi hawarudi kupima kwenye hewa baada ya kusawazisha.

Sasa wewe Kepteni. Kura ni nzuri wapiga kura wakiwa wazima. Nilikuwa kwenye mabaki ya HMS Pegasus hapa Unguja, ile manowari ya Kiingereza iliyozamishwa na Königsberg Septemba 1914. Meta 40. Nimeiwekea kompyuta lengo la oksijeni bari 1.3. Seli mbili zinaonyesha 1.19, 1.19, zimetulia kabisa. Ya tatu inapanda: 1.32, 1.38, 1.46. Kompyuta imeitoa ya tatu kwenye hesabu, na valvu inagonga ta, ta, ta, inamimina oksijeni ili zile mbili zifike 1.3. Hazikuweza kufika. Zilitoka kiwandani mwezi uleule, nimezifunga siku moja, zimechoka pamoja. Kilichonishtua ni mlio, sikuwa nimezoea valvu igonge mfululizo hivyo nikiwa nimetulia kwenye kina kimoja. Nikasukuma hewa ya mtungi kwenye mzunguko, na zote tatu zikashuka zikakutana 1.05. Kule chini shinikizo ni bari 5, mara 0.21 ni 1.05. Nikajua iliyotolewa kwenye kura ndiyo iliyokuwa ikisema kweli. Nikahamia mtungi wa dharura nikapanda. Ningezubaa ningevuka 1.6, kikomo cha oksijeni, na degedege likikupata chini ya maji kifaa cha mdomo kinakutoka.

Kabla ya kununua lolote, badilisha nafasi: seli ya tatu iweke tundu la kwanza, ya kwanza iweke la tatu. Ugonjwa ukihama na seli, seli ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye tundu, tafuta kutu kwenye soketi au waya. Halafu tazama tarehe za zote tatu. Mimi hutupa ikifika miezi 12 tangu ifungwe, au 18 tangu itoke kiwandani, hata kama inasoma vizuri.

Bi_Maskati

Fundi kamaliza ya seli, mimi naongeza ya betri. Mjuani, kompyuta yako ina vinundu viwili vya chuma ubavuni au nyuma? Nyingi hujiwasha vinundu hivyo vikiguswa na maji. Yangu ilinimalizia betri hivyohivyo hapa Maskati: chumvi ilifanya utando mwembamba kati ya vinundu, chumba kina unyevu, kompyuta ikaamini iko baharini usiku kucha. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, sugua kwa mswaki laini, kausha kwa kitambaa. Chumvi ikiwa imeganda, siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha suuza tena. Usiilaze kwenye taulo bichi.

Ukifungua kifuniko cha betri, tazama ule mpira wa duara kwenye mwanga. Unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kupitisha maji. Paka silikoni kidogo tu, ung'ae, usitiririke. Ila silikoni hiyo isikaribie upande wa oksijeni, wala vaselini. Huko ni grisi maalumu ya oksijeni peke yake, mafuta na oksijeni ya shinikizo kubwa ni moto.

Na joto, jamani. Huku kiangazi kinapita nyuzi 40, seli nikiisahau kwenye buti la gari naihesabu imekula miezi yake. Baada ya kuzamia usiuache mzunguko umejaa oksijeni, piga hewa ya kawaida ndani, seli zipumzike. Usizigandishe kwenye friza pia.

Mjuani

Shikamoo Fundi, na Bi Maskati ahsante sana.

Nimebadilisha nafasi kama ulivyonielekeza, ugonjwa umehama na seli. Tundu la tatu sasa linasoma sawasawa. Ila kwenye soketi ya tundu la pili nimekuta ukijani kidogo. Nadhani ni unyevu wa ile chokaa inayonyonya hewa chafu ya pumzi, maana mtambo huwa unakaa umefungwa hadi kesho yake.

Lililonitisha zaidi ni tarehe. Zote tatu zimetoka kiwandani mwezi uleule, na zimefungwa miezi 14 iliyopita. Yaani hata zile mbili nilizoziita nzima!

Betri: vinundu vipo, vilikuwa vyeupe kwa chumvi. Nimesugua, jana usiku haikushuka.

Fundi Shangani

Marahaba. Ukijani utoe kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme na kijiti cha pamba, uache ikauke kabisa kabla ya kufunga, na utando wa seli usiuguse. Kuanzia leo toa kichwa cha mtambo kila jioni, kikauke kivulini kwa feni, seli zitazame chini. Usitumie jua wala mashine ya kukaushia nywele.

Agiza tatu, lakini usizifunge siku moja tena. Funga mbili sasa, ya tatu uifunge miezi kama minne mbele, na isitoke kiwandani mwezi mmoja na hizo. Mpaka zitimie tatu mtambo ukae. Kisha kabla ya kina, simama meta 6 na oksijeni safi kwenye mzunguko: nzima itafika 1.6, iliyochoka itakwama njiani. Na ununue daftari, uandike milivolti za hewa na za oksijeni kila wiki.

Mjuani

Daftari nimeshanunua. Bosi nimempigia simu, nikamsomea namba zote, kanyamaza kidogo akauliza mitungi ya kawaida ipo mingapi. Seli zitakuja na boti ya Nyamisati, nimeomba zisikae juani bandarini. Mtambo nimeufunga, na juu yake nimebandika karatasi: USITUMIKE.