Naomba ushauri: kukodi yoti Alaska tukiwa na mama mzee

Habarini ndugu zangu. Niko Entebbe. Mama anatimiza miaka 70 mwakani, na tangu nikiwa mdogo anatamani kuona mlima wa barafu ukimeguka na kuangukia baharini. Sisi wanawe wanne tumechanga tukodi yoti yenye nahodha na mpishi, tuanzie Juneau, mji usiofikika kwa barabara, hadi Glacier Bay, hifadhi ya taifa yenye barafu za aina hiyo. Huko boti binafsi huhitaji kibali kuanzia Juni hadi Agosti. Je, twende Mei mvua zikiwa chache, au baridi itamtesa? Magoti yanamsumbua, hata kupanda boti ya kwenda Kalangala tunamshika mikono yote miwili. Na mkataba uwe na nini kabla sijatuma malipo ya awali? Mliowahi kwenda, tafadhali nisaidieni.