Nina laki sita na nusu ya kompyuta ya gemu hapa Mwanza, nimeoneshwa kadi ya picha yenye VGA, nichukue?

DogoWaIgoma:
Wakuu heshima kwenu. Niko Mwanza, Igoma, nina laki sita na nusu nimeidunduliza tangu mwezi wa tatu kwa kuprinti na kulamineti vyeti vya watu, nataka nijiunganishie deskitopu ya gemu. Sina makuu jamani, GTA V, mpira, na gemu moja moja ya magari. Monita ninayo, ya inchi 19, nilirithi kwa bro alivyohamia Geita, ina tundu la VGA tu, lile la picha la zamani.

Jana nimezunguka mjini tangu asubuhi mpaka miguu ikawaka moto. Duka moja wana Dell OptiPlex 9020 yuzdi, prosesa i5-4590, RAM GB 8, hard disk ya GB 500. Zipo mbili, moja slimu laki mbili na thelathini, nyingine ile tawa kubwa laki mbili na themanini. Mimi moyo uko kwa slimu maana inakaa vizuri mezani na elfu hamsini sio mchezo. Hapo hapo jamaa ana kadi ya picha ya GTX 1050 Ti 4GB, mpya ndani ya boksi lake, anataka laki na thelathini tu. Uzuri wake ina VGA, yaani monita yangu naichomeka moja kwa moja sinunui kingine. Juu ina tundu la umeme la pini 6 ila jamaa kasema kebo ya kuungia atanipa bure. Nimemwachia elfu kumi anishikie.

Nimepatia au nimepigwa?

SatoMkavu:
Mpaka sasa umepigwa elfu kumi. Laki na ishirini iliyobaki bado iko njiani.

FundiNyakato:
Huyo Sato anatania ila hajakosea. Dogo tulia nikueleze, maana kadi ya hivyo hivyo nililetewa mezani mwezi uliopita na kijana analia.

GTX 1050 Ti halisi ilitoka 2016, ni ukoo wa Pascal, na kwenye Pascal NVIDIA, wenye chipu hizo, waliachana kabisa na analogi, kwa hiyo chipu yenyewe haitoi VGA. Hilo tundu unalolifurahia ndo linalomchoma muuzaji. Pili, 1050 Ti inakula wati 75 tu na sloti ya kwenye mazabodi inatoa hizo 75, ndo maana nyingi hazina tundu la umeme juu. Zipo chache halisi zenye pini 6 sikatai, ila pini 6 pamoja na VGA pamoja na "mpya" pamoja na laki na thelathini, hapo hapana. Wanachofanya wanachukua kadi za 2010 na 2011 huko, GTS 450 au GTX 550 Ti, wanaichoma BIOS (programu ya ndani ya kadi) ya uongo, Windows ikiisoma inakwambia 1050 Ti 4GB na wewe unacheka. Gemu likifunguka ndo skrini inakuwa nyeusi.

Ile niliyoletewa mimi kwa nje stika inang'aa, feni nyekundu, hata ile nailoni ya juu haijabanduliwa. Nikafungua skrubu nne za nyuma, chini ya feni mpya nikakuta vumbi la zamani limeganda kwenye hitisinki, kile chuma cha kupoozea, kama ukoko wa ugali, nikafuta pesti iliyokauka juu ya chipu, imeandikwa GF106. Hiyo ni GTS 450 mzee.

Fanya hivi. Pakua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kwenye flashi, nenda nayo dukani, mwambie aichomeke kadi aiwashe mbele yako. Tangu 2018 ile programu inazijua feki za NVIDIA, inaandika FAKE kabla ya jina na pembetatu ya onyo. Hata isipoandika, we angalia penye sheda, vile vipande vidogo vya chipu vinavyochora picha: 1050 Ti ya kweli zipo 768 na chipu ni GP107. Ukikuta 192 usibishane na mtu, chukua flashi yako uondoke.

Na hiyo kebo ya bure nayo ni mtego. Hizo 9020 zote mbili hazina kebo ya kadi, kwa hiyo atakuungia kutoka kwenye plagi ya SATA, ile ya umeme wa diski. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimiwa wati 54, pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Plastiki inayeyuka, nimeshaikata moja na koleo ilivyogandana.

Slimu achana nayo. Inataka kadi za nusu kimo, hizo kuzipata hapa Mwanza ni kusubiri mtu atoke Dar, na pawa saplai yake ni ya wati 255. Tawa ni 290. Chukua tawa, tafuta GTX 1650 ile isiyo na tundu la umeme, ipo ya namna hiyo ya wati 75, ila kagua kwa macho maana zipo na zenye pini 6. Prosesa yako 84, kadi 75, ongeza diski, feni na mengine hata hamsini, unacheza kwenye mia mbili na kitu, saplai haitoki jasho.

Bei nilizonunulia mimi mwaka huu: 1650 iliyotumika laki mbili na arobaini, SSD (diski ya kasi) ya GB 240 elfu hamsini, RAM DDR3 ya GB 8 elfu thelathini. RAM nunua kijiti cha pili cha 8 vikae viwili, sio kuuza hicho ununue kimoja cha 16, vikiwa viwili vinafanya kazi kwa pamoja na frem (picha kwa sekunde) zinapanda. Monita yako ya VGA utanunua kiboksi cha kubadilisha HDMI kwenda VGA, elfu kumi na tano. KIBOKSI, sio kebo ya moja kwa moja, kebo haibadilishi kitu. Piga hesabu hapo, inabaki ya soda.

Halafu wakikushawishi 7010 ya i5-3470 kwa kupunguza elfu arobaini, kataa. Kizazi cha tatu hakina AVX2, yaani amri fulani za prosesa, kuna gemu mpya hazifunguki kabisa bila hiyo. Cha nne kinayo.

RockCityRaja:
Fundi unamfundisha dogo uoga. 1650 ya laki mbili na arobaini?? Kwa pesa hiyo hiyo anapata RX 580 ya 8GB iliyotoka kwenye kuchimba sarafu za mtandaoni, anaweka pawa saplai ya 500 na ile adapta ya pini 24 kwenda 8 maana mazabodi ya hiyo Dell ina plagi ya pini 8 ya kwao wenyewe. Mimi ndo naitumia hapa Pasiansi, mwaka wa pili huu, 1650 haioni hata vumbi. Keisi nilipeleka kwa wachomea mageti wakanikatia tundu la feni ubavuni, elfu tano.

FundiNyakato:
Raja sikubishii, 580 inaipita 1650 hilo liko wazi. Ila inakula 185 peke yake, ndo maana wewe umebadilisha saplai, na saplai ya maana ya 500 haipo ya elfu arobaini. Zile za elfu arobaini ninazo tatu hapa zimekufa, ukiinyanyua moja na mkono mmoja ni nyepesi kama boksi la viatu tupu, wati 500 ziko kwenye stika tu. Na hiyo 580 dogo aangalie isiwe 2048SP, ile imepunguzwa, ya kweli sheda zipo 2304. Mwenye laki sita na nusu jumla jumla hana pa kukosea mara mbili. Wewe ulikuwa na pa kukosea.

Na mwambie ukweli kuhusu hilo tundu, ulitoa mazabodi kabla ya kukata?

RockCityRaja:
😂😂 Mara ya kwanza sikutoa. Chenga za chuma zikaingia kwenye sloti za RAM, ikawa inapiga mlio tu haiwaki. Nilikaa na brashi ya meno na mwanga wa simu mpaka saa nane usiku. Haya basi, dogo toa kila kitu kwanza.

MamaGemu_Nyegezi:
Nimesoma yote, hawa kaka zako wanabishana wati na hakuna hata mmoja aliyekutajia kitu kinachoua kompyuta Mwanza. Mdogo wangu, mimi nina chumba cha gemu Nyegezi upande wa ziwani, mashine nne, sijui kusoma sheda wala nini ila bili za fundi nazijua zote kwa tarehe.

Cha kwanza ni vidudu vya ziwani. Unawajua wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, mwezi ukiwa umezama, siku zile wenye mitumbwi ya dagaa wanaita giza. Hawaumi, ila wanafuata mwanga, na usiku chumba chako mwanga mkubwa ni monita. Feni ya mbele inawavuta ndani. Mwaka wa kwanza mashine namba mbili ikawa inazima yenyewe kila baada ya dakika kumi, mteja anadai hela yake, mimi nasema umeme. Fundi akafungua, hitisinki ya prosesa huioni, kumefunikwa na kitu cha kijivu kama uji wa ulezi uliokaukia kwenye sufuria, na harufu yake ni ya dagaa mbichi kabisa. Akakibandua na kisu cha mezani kikatoka kizima kama chapati. Joto lilikuwa digrii tisini na kitu, kilipotoka ikashuka mpaka sitini na tano.

Tangu siku hiyo kila mashine inavaa stokingi. Ndiyo, stokingi za kike zile nyepesi, unaikata, unaivuta iwambike vizuri kwenye matundu ya mbele, unabana na mpira. Chandarua nilijaribu, matundu makubwa wanapita. Kila Jumatatu unaivua unaikung'uta, siku za giza kila asubuhi. Taa ya chumbani zima ukiwa unacheza, washa ya nje waende huko. Ukipuliza na blowa shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke hovyo, niliua feni moja hivyo.

Cha pili umeme. Ukikatika nenda chomoa plagi ukutani, usikae unausubiri na swichi iko chini, ukirudi uache dakika tano utulie ndo uchomeke. Mimi nina AVS, kile kidude cha kulinda umeme, kila mashine. Na mashine yoyote ya zamani iliyotoka Marekani geuza uangalie nyuma, kama pawa saplai ina kile kiswichi chekundu hakikisha kimesoma 230. Mimi nilichomeka moja iko 115. Ililia kama baruti, wateja wawili wakakimbia na hela zangu.

DogoWaIgoma:
Dada wabeja sana, hiyo ya stokingi sikuwahi kuisikia popote. Kaka Fundi kesho naenda na flashi. Swali dogo tu, Windows 11 itakubali hiyo i5?

FundiNyakato:
Rasmi haikubali, wao wanaanzia kizazi cha nane. Ya 10 inapiga kazi ila walisimamisha sapoti Oktoba 2025, kwa hiyo mambo ya benki na barua pepe usifanyie humo. Na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine yako haina, isahau. GTA ya zamani haina neno.

SatoMkavu:
Mambo ya benki na ana elfu kumi iko kwa muuzaji.

DogoWaIgoma:
Wakuu nimerudi, ni siku ya tisa leo.

Nilienda na flashi. Jamaa kuona flashi tu akasema mashine ya kujaribia imeharibika. Nikamwonesha ile tawa ninayotaka kununua, nikasema si tuijaribie humu humu. Akazunguka zunguka, akajibu simu ambayo haikuita, mwisho akachomeka. FAKE hiyo hapo, na chini sheda 192. Akaniambia eti programu yenyewe ndo feki, nimeitoa mtandaoni. Nikamwomba elfu kumi yangu, akasema imeshaingia kwenye hesabu za duka. Tumevutana nusu saa, nimetoka na mausi ya waya.

Tawa nimeipata duka jingine laki mbili na sabini na tano, 1650 nimenunua kwa mshkaji wa Buhongwa, haina tundu la umeme, tumeipima kwake nikaona sheda 896, nikauliza hapa pembeni kwa Fundi kabla ya kutoa hela akasema ndo zenyewe.

Sema kaka Fundi nisamehe. Pale pa kiboksi nilikuona unajaza maneno, nikanunua kebo ya HDMI kwenda VGA ya elfu sita. Nimewasha, feni zinazunguka, taa inawaka, monita inasema hakuna signo. Nimetoa RAM nimerudisha, nimetoa kadi nimerudisha, nimefuta meno ya kadi na raba ya penseli, nikaanza na kusali. Saa sita usiku nikasoma tena huu uzi. Asubuhi nikanunua kiboksi, picha ikaja sekunde hiyo hiyo.

GTA V kwa 1440 kwa 900, setingi za juu, inakaa kwenye frem 60 hapo. Sijalala jana.

Vidudu navyo wiki hii vimeanza, nimeshafunga stokingi mbele. Ni ya dada yangu, ya kuvaa kanisani, hajaitafuta bado.