Diski zinajitoa zenyewe kwenye seva ya nyumbani, naombeni ushauri kabla sijatoa hela ya diski mpya

mpiga_sendoff
Habari za saa hizi wakuu. Naombeni msaada maana hapa nilipo kichwa kinaniuma. Mimi napiga picha na video za harusi, send-off, kitchen party, kazi za mtaani tu, na mafaili yalikuwa yamenizidi, ekstena nne zimejaa mezani sijui ipi ina nini. Mwaka jana nikanunua desktopu used, yale matawa ya ofisini, i5-2400, RAM GB 8 DDR3, nikatafuta diski tatu za TB 2 nazo used, na kiSSD cha GB 120 cha kuwekea mfumo. Nikapiga TrueNAS (mfumo wa kugeuza kompyuta kuwa stoo ya mafaili), zile tatu nikaziunga RAIDZ1 (moja ikifa mbili zinabeba data), nikapata kama TB 3.6 za kutumia. Miezi saba imetulia kama maji ya mtungini.

Sasa tangu mwezi uliopita diski moja inapotea. Upo zako unakopi video, ghafla spidi inashuka hadi sifuri, ukienda kuangalia puli (yaani zile diski zilizoungwa pamoja) inasema DEGRADED, imepungukiwa, na diski imeandikwa REMOVED, imetoka. Nikizima nikawasha inarudi, inajijaza upya, siku mbili tatu inatoka tena. Nikasema basi hii imekufa nijipange ninunue nyingine. Jana usiku ndo imenivunja nguvu, imetoka hiyo na ya pili yake kwa pamoja, puli ikaandika SUSPENDED, yaani imesimama kabisa, na ndani kuna harusi mbili sijawakabidhi wenyewe. Nimewasha tena zote zimerudi ila naogopa hata kuigusa.

Halafu kingine, umeme ukikatika ukarudi haijiwashi vizuri mpaka niibebee skrini na kibodi niibonyeze F1. Sijui ni ugonjwa huohuo au mwingine.

Ninunue diski mbili mpya? Au mashine yote ndo imezeeka?

Kichwa_Kigumu
Uza hiyo kitu mkuu weka Windows yako ulale. Mambo ya Linux hayo utakuja kulia

fundi_wa_ghorofani
Ushawahi kujaribu kuiweka diski kwenye friji masaa mawili kwenye mfuko wa nailoni? Mimi kuna mwaka ilinisaidia nikatoa data zangu zote

bibi_seva
@fundi_wa_ghorofani tafadhali sana. Hiyo ya friji ni ya zamani na hata zamani ilikuwa kamari ya mtu ambaye hana kingine cha kupoteza. Diski ikitoka kwenye baridi ikakutana na joto la Dar inatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo linaingia kwenye ubao na ndani kwenye sahani. Hapa diski zinasoma, hakuna anayekufa bado.

@mpiga_sendoff pole mdogo wangu. Kabla ya yote, sasa hivi zikiwa zimerudi, kopi zile harusi mbili kwenye ekstena. Usianze kuchunguza chochote kabla hujafanya hilo. RAIDZ1 inavumilia kufa kwa diski moja tu, ya pili ikiondoka hakuna cha kukokotoa, na hata zikiwa nzima zote tatu hiyo sio bakapu, ukifuta faili kwa bahati mbaya limefutika kotekote.

Ukimaliza fungua shell (sehemu ya kuandika amri), kwa kila diski andika smartctl -a /dev/sdb, inasoma afya ya diski, halafu sdc, na ile ya tatu, utuletee mistari ya namba 5, 9, 12, 197, 198 na 199. Na usizijue diski kwa sda sdb, hayo majina yanahama ukiwasha upya. Shika siriali namba, iko kwenye stika ya diski yenyewe.

mpiga_sendoff
Asante sana dada. Harusi nimeshazitoa, moja imegoma faili moja katikati nimeiruka. Majibu ni haya, inayotoka sana nimeiita A, ya pili B, isiyo na shida C:

A: namba 5 ni 0, namba 197 ni 0, 198 ni 0, 199 ni 1842, masaa (namba 9) 31207, namba 12 ni 611
B: 5 ni 0, 197 ni 0, 198 ni 0, 199 ni 260, masaa 29950, namba 12 ni 388
C: zote 0 pamoja na hiyo 199, masaa 33018, namba 12 ni 174

Hiyo 1842 si ndo diski imeoza?

Mzee_wa_Waya
Hapana kiongozi, soma vizuri. Namba 5 ni vipande vya diski vilivyokufa vikahamishwa, 197 ni vinavyosubiri hukumu, 198 ni vilivyoshindikana kabisa. Zote sifuri. Kwa hizo namba, diski yako ina afya kuliko mimi. 199 ni makosa ya njiani, yaani data ilitoka diski ikiwa nzima ikafika kwenye mazabodi imechafuka au kinyume chake. Hilo asilimia kubwa ni kebo ya SATA, zile nyekundu nyembamba zisizo na klipu. Badilisha kebo za A na B, chukua zenye klipu ya chuma, hata buku tatu haifiki. Nimeona watu wametupa diski nzima kwa sababu ya kebo.

msee_wa_kisauni
Naungana na Mzee. Mimi niko Mombasa huku chumvi ya bahari inakula kila kitu, hizo pini za SATA zikishika kutu kidogo tu 199 inapanda kama bei ya unga. Chomoa, futa kwa spiriti, chomeka tena.

mpiga_sendoff
Wakuu nimerudi. Nimebadili kebo zote tatu, zenye klipu. Nimewasha, nimeangalia, A bado inasema 1842!! Na leo asubuhi imetoka tena. Nimeanza kukata tamaa jamani

Mzee_wa_Waya
Hiyo namba hairudi chini milele kiongozi, ni kama kilomita za gari. Utaiona 1842 mpaka siku unaiuza. La kuangalia ni kama inaongezeka. Imetoka tena leo, sawa, baada ya kutoka inasemaje?

mpiga_sendoff
1842 vilevile. Haijaongezeka hata moja

Mzee_wa_Waya
Basi kebo ilikuwa na lake na tumelimaliza, ila kinachoitoa ni kingine. Nanyamaza, wengine waendelee.

bibi_seva
Mimi tangu mwanzo naitazama namba 12. Hiyo inahesabu diski imewashwa mara ngapi. Kwa kuwa umenunua used siwezi kulinganisha 611 na 174, kila moja imekuja na maisha yake. Ila fanya hivi, usiizime mashine leo. Andika namba 12 ya kila diski kwenye karatasi sasa hivi, usiku ianzishie skrabu (ukaguzi wa data yote), asubuhi zisome tena kabla hujazima chochote. Mashine haijazimwa, namba 12 haina haki ya kusogea.

Kichwa_Kigumu
Kwani chkdsk haipo?

bibi_seva
Kwenye ZFS, mfumo wa mafaili wa TrueNAS, haipo na haihitajiki. Skrabu inasoma kila kipande chenye data na kukilinganisha na hesabu yake, kilichoharibika inakirekebisha kutoka kwa wenzake kama wapo.

mpiga_sendoff
Dada wewe ni mchawi. Saa nne usiku A ilikuwa 613, B 390, C 176. Nikaanzisha skrabu nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi A ni 617, B ni 391, C ni 176 vilevile. Mashine haijazima, uptime (muda tangu iwashwe) inasema siku moja na masaa. Puli iko DEGRADED

Mzee_wa_Waya
🙆🏾‍♂️ diski inakatiwa umeme

bibi_seva
Ndiyo. A imezimika na kuwaka mara nne usiku mmoja ndani ya mashine ambayo haijazimwa. Kwa hiyo swali langu sasa: umeme unaupeleka vipi? Pawa saplai za matawa ya ofisini huwa na vichwa vichache vya SATA, wewe una vifaa vinne.

mpiga_sendoff
Ina vichwa vitatu. Nilinunua splita, kichwa kimoja kinagawanyika viwili. Kwa hiyo SSD ina kichwa chake, C ina chake, halafu A na B ziko kwenye splita

Oh.

Mzee_wa_Waya
😂😂😂 umejijibu mwenyewe kiongozi

bibi_seva
Ngoja tupime tusije tukalaumu bure. Una multimita au jirani fundi redio anayo? Weka DC volti 20. Waya wa njano ni 12, nyekundu ni 5, mweusi ni ground (sifuri yako), hapo ndo unagusisha ncha nyeusi. Usichomoe kitu, ingiza ncha kwa nyuma ya plagi pale waya unapoingilia, taratibu, usije ukagusanisha njano na nyekundu. Pima njano kwenye kichwa cha C, kisha kwenye kichwa cha A mwisho wa splita, wakati unakopi faili kubwa. Kiwango kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo chini ya 11.4 ni tatizo.

mpiga_sendoff
Fundi wa simu hapa chini kaja nayo mwenyewe. C inasoma 12.08. A ikiwa imekaa tu 11.6, nikianza kukopi inacheza 11.1, ikashuka mpaka 10.9 na hapohapo tukasikia diski inalia kidogo *tiiik* halafu inaanza kuzunguka upya. Nimesikia kwa masikio yangu. Yaani miezi yote hii mlio huo nilikuwa nadhani ni feni.

Nimezima nikachomoa splita. Ile plastiki nyeupe upande wa njano imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na pini moja ndani imelegea inacheza ukiigusa na sindano. Ukiinusa inanuka kama pasi iliyoungua. Hii kitu ingeniunguzia nyumba

bibi_seva
Ingeweza. Hizo za plastiki ya kumimina, waya zimefungiwa humohumo huzioni, zina sifa mbaya duniani kote, ndani waya zinaweza kugusana. Tafuta zile ambazo kila pini imebanwa kivyake na unaweza kufungua kifuniko ukaona waya.

Ila hata splita nzuri, ulikuwa umepanga vibaya. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila pini ampia 1.5, jumla 4.5. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka inaweza kuvuta kama ampia 2 kwenye hiyo 12. Mbili zikianza pamoja umefika 4, pini moja ikilegea imekwisha. Wakati huohuo SSD ambayo haigusi kabisa 12, inakula kidogo kwenye 5 tu, umeipa kichwa kizima.

msee_wa_kisauni
Yaani mtoto umempa kitanda chake peke yake, watu wazima wawili ukawalaza kwenye mkeka mmoja 😂

bibi_seva
Hasa. A kichwa chake, B kichwa chake, C na SSD wagawane splita mpya. Hununui diski, hununui pawa saplai.

Na ile F1 ni betri ya mazabodi, CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ikiisha, umeme ukikatika BIOS inasahau saa na mipangilio, ikiwaka inakusubiri uibonyeze. Weka mpya, ingia BIOS, rekebisha saa, hakikisha SATA iko AHCI (namna mazabodi inavyoongea na diski) maana huenda imerudi ilivyotoka kiwandani, halafu tafuta palipoandikwa AC Recovery uweke Last State, umeme ukirudi itajiwasha. Ukipata hela ya diski uliyoiokoa nunua UPS.

mpiga_sendoff
Mrejesho wakuu. Splita mpya na betri zote kwa pamoja hazijafika elfu kumi. Nimepanga alivyosema dada, A sasa inasoma 12.05 ikiwa inakopi. Nimepiga zpool clear, nikaanzisha skrabu, masaa matano na kitu. Namba 12 ya A haijasogea siku ya tisa leo. 199 haijasogea. Jana umeme umekatika mara mbili, mara zote imejiwasha yenyewe.

Ila zpool status -v imeniorodheshea faili mbili zimeharibika moja kwa moja, ni za ule usiku wa SUSPENDED. Moja ni video ya bwana harusi anaingia ukumbini, ndo ile iliyogoma kukopi. Kadi ya kamera nilishaifomati. Nikampigia bibi harusi kwa aibu, kumbe wiki ile alinilazimisha nimrushie video mbichi kwenye flashi amuonyeshe mama yake, nami nikawa namnung'unikia kwamba ni msumbufu. Ipo nzima. Nimemwambia picha za albamu kubwa ni ofa.

Mzee_wa_Waya
Hiyo ndo bakapu sasa, iko kwa mama mkwe 😂

Kichwa_Kigumu
Nami nimepata desktopu kama hiyo, diski nne, splita mbili. Nayo kila saa tatu usiku inafanya tiiik. Ni kawaida?

bibi_seva
Zima kwanza. Kisha fungua uzi wako.