Jike apandishwe siku ya ngapi?

Msasi wa Kusini, Makunduchi
Asalaam alaykum. Mbwa jike wa kusasi, miezi 20, joto (msimu wa kutaka dume) la pili. Leo siku ya tisa tangu damu ianze, nayo imepungua. Dume yuko Jambiani. Wengine wasema siku ya 11, wengine wasema ngoja damu ikauke kabisa. Nishike lipi?

Daktari wa Mifugo, Wete
Waalaykum salaam. Umri umefaa, lakini yote mawili yaache. Siku ya 11 ni wastani tu; kuna jike wa siku ya 5 na wa siku ya 18. Na damu kukauka usiingoje, wengine hutona mpaka mwisho wa joto.

Mfute kwa pamba nyeupe asubuhi na jioni. Damu nzito nyekundu, bado. Ikiwa kama maji yalooshewa nyama, na ule uvimbe mgumu wa uke umelegea, mkune juu ya shina la mkia. Akisimama tuli na kupinda mkia pembeni, mpeleke. Rudia baada ya kuruka siku moja.

Sababu ni kwamba yai la mbwa hutoka changa, huhitaji siku 2 hadi 3 kukomaa, na mbegu za dume huishi ndani siku 5 hata 7. Kuwahi kidogo si hasara. Kuchelewa ndiko kunakoleta watoto wawili badala ya sita. Ukipata maabara ya kupima projesteroni, homoni ya uzazi iliyomo kwenye damu, nanogramu 5 kwa mililita maana yake yai linatoka. Hesabu siku mbili, upandishe.

Mama Banda, Chake
Jike ndiye aende kwa dume. Dume ugenini huzubaa. Kwanza vuta ngozi ya uume wa dume nyuma utazame: kinyama chenye vinundu kinachotona damu ni uvimbe wa kuambukiza, rudi na jike wako nyumbani. Wakinasana katika kupandana, dakika 5 hadi 30, hakuna kuvuta wala kumwaga maji. Wataumia.

Msasi wa Kusini
Ahsanteni. Akishapandwa nimfungulie?

Daktari wa Mifugo, Wete
La! Afungiwe mpaka awafukuze madume mwenyewe. Koko akimpata keshokutwa, tumbo moja litakuwa na baba wawili. Kuzaa ni kama siku 63. Na ndani ya miezi miwili baada ya joto, ashike mimba asishike, ukimwona anakunywa maji kupita kiasi, hataki kula, anatoa usaha, hicho ni kizazi kimejaa usaha: siku hiyo hiyo kwa daktari.